Riba ya Kidonge

Asubuhi ulimi wangu una ladha ya sarafu,
ile ya shaba ya zamani, iliyolala miaka
katika mfuko wa mtu mwingine.
Nasukutua. Napiga mswaki mara mbili. Natia iliki.
Chai bado ina chuma.

Tangu mfungo sita usingizi umenihama
bila kuaga, bila kosa ninalolijua,
na sasa naukopa:
kidonge cheupe, hakifiki hata nusu ya ukucha.
Usiku unanipa, hauulizi rehani.
Mchana ndio unaokuja mlangoni kudai,
unadai na cha juu.
Mimi, niliyefunzwa tangu chuoni kuwa riba ni haramu!

Ngazi za nyumba yetu ni za kikale,
kila kidato kina urefu wake na hasira zake.
Nashuka kwa makalio kama mtoto, nahesabu: kumi na saba.
Jana vilikuwa kumi na tisa.
Viwili vile sijui nilivitoa wapi.

Nashona kofia. Hii ni ya bwana harusi wa Langoni,
mshadhari wake maua, kila ua petali sita,
kila petali safu ya vitobo
usivyoviona mpaka uiinue kwenye mwanga.
Saa tatu sindano imo mkononi,
saa tatu na nusu imo mkononi vilevile,
na katikati hapo sikuwapo.
Nilipozinduka petali moja ilikuwa imeangalia nje,
kama mtu aliyeitwa na jina lake sokoni.

Mwanajabu kasimama kizingitini, mikono kiunoni:
"Yana ulin'ambia utaya, hukuya!
Mkate wa mofa umepoa, mtuzi umelala."
Nikaomba radhi kwa ahadi nisiyoikumbuka,
iliyotolewa kwa sauti yangu.

Khuleita mwanangu anataka kuvimwaga chooni.
Nikamwambia, ngoja kwanza twende tukaulize.

Daktari Nyambane hakunigombeza.
"Unakimeza saa ngapi?"
"Saa sita. Pengine saa saba, nikishachoka kupigana."
"Na unaamka?"
"Kwa adhana ya alfajiri."
Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama mimi na vidato.
"Mama Shufaa, kidonge hiki kina kazi ya saa nane.
Wewe unakipa tano.
Tatu zilizobaki kinazimalizia juani,
juu ya ngazi, juu ya sindano yako."
Kisha: "Na nini kingine unachomeza?"

Nikafungua mkoba. Kwa haya kidogo
nikatoa vile vya mafua, vya manjano, vya dukani,
kwa ajili ya vumbi la pamba linalonipigisha chafya.
Akavigeuza, akacheka kwa pua.
"Kumbe mdai wako alikuwa na mshirika."

Hivyo akaviondoa. Kile cheupe akakigawa nusu,
na akanikataza kukiacha kwa ghafla:
"Hata kushuka, tushuke kidato kidato."

Sasa nakimeza baada ya isha, simu imezimwa,
nusu iliyokatwa kwa mkasi wa nyuzi;
chenga zake nazilamba kidoleni, chungu kama shubiri.
Kabla ya saa nne asubuhi sigusi sindano.
Napanda darini, nakaa juani na kikombe changu,
nikigombana na kunguru juu ya mkate.
Ladha ya sarafu ingalipo, ila imechakaa.
Kuna usiku ambao hata nusu hainifai,
nalala macho nikisikiliza punda wa jirani akikwaruza ukuta.

Vidato vimerudi kumi na saba.

Kofia ilivaliwa Ijumaa.
Nilichungulia dirishani maandamano yakipita,
nikaitafuta ile petali iliyoangalia nje.
Ningeweza kuifumua. Sikuifumua.
Deni langu limeandikwa pale, uzi mweupe juu ya mweupe,
na wa kulisoma ni mimi peke yangu.